Aliyebebesha Michungwa ya Mbulumbulu

Patrisi Tarmo alikuwa mtu wa kutembea. Ukikutana naye njiani Mbulumbulu, kati ya mashamba ya ngano, mrefu, mkavu, ameinama mbele kidogo kama anayetafuta sindano iliyomdondoka, begani kaning'iniza mfuko wa gunia, ulijua kuna mji wa mtu unaokwenda kupata mchungwa. Ndani ya mfuko ule mlikuwa na kisu kidogo chenye mpini wa pembe, nyuzi za mgomba zilizolowekwa, na vikonyo, yaani vijiti vibichi vya mchungwa vyenye macho, vimefungwa kwenye jani ili visinyauke.

Kazi hiyo aliipatia Oldeani, kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja aliyejali bustani yake ya matunda kuliko kahawa yenyewe. Patrisi aliingia pale kibarua wa kupalilia, akahamishiwa bustanini, akakaa miaka sita. Alifundishwa kubebesha. Unaotesha mlimau kwa mbegu, unausubiri unenepe kama penseli, unachana gamba lake, unapenyeza jicho la mchungwa ndani ya ule mchano, unalifunga vizuri, kisha unatulia. Jicho likishika, unakata kichwa cha mlimau, na kuanzia hapo mizizi ya mlimau inalisha mchungwa. Mzungu alipofunga virago mwaka 1971, Patrisi alirudi nyumbani kwa miguu na kile kisu na miche minne: mitatu ya michungwa, mmoja wa mchenza.

Mchenza aliupanda nyuma ya jiko la mkewe Germana, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Ukashika kama mti uliozaliwa hapo. Mwaka wa nne ulizaa machenza mengi hadi matawi yakategemezwa kwa nguzo, na watu ambao maisha yao yote walijua mapera na matunda ya porini wakaanza kupita njia ile bila sababu. Kila aliyeonja aliomba mche. Patrisi hakuwa mtu wa kukataa. Alikata vikonyo kwenye mti ule ule wa nyuma ya jiko na kwenye michungwa yake mitatu, akatembea mji hadi mji, akabebesha, akanywa maziwa au kibuyu cha pombe alichokaribishwa, akaenda zake.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Watu waliokuwa wametawanyika vilimani wakasogezwa kwenye mistari, nyumba inatazama nyumba, kila kaya na kiwanja chake. Wengi walinung'unika, lakini kwa Patrisi ilikuwa nafuu: safari ya siku nzima ikawa ya asubuhi moja. Kufikia mwaka 1978 hapakuwa na mstari wa nyumba usio na michungwa. Hakujisifu kwa mdomo. Ila Jumapili ya mavuno, vikapu vya machungwa vilipopangwa mbele ya altare, Germana alimwona mumewe akivitazama kimoja baada ya kingine, huku midomo yake ikitaja miji vilikotoka.

Mwaka uliofuata, masika yalipokatika, shemeji yake Lukresia alimtumia salamu aje aangalie mchungwa wake. Lukresia alikuwa dada mkubwa wa Germana, mjane, mwanamke wa maneno machache na makali. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho juu kabisa, karibu na ukingo wa msitu wa hifadhi unaopanda kuelekea Ngorongoro.

"Tawi hili lina nini?" aliuliza, hata kabla Patrisi hajatua mfuko.

Mti mzima ulikuwa wa kijani isipokuwa tawi moja, ambalo majani yake yalikuwa na mabaka, njano hapa, kijani pale, kama kitambaa kilichomwagikiwa jiki.

"Udongo una njaa, shemeji. Utie samadi."

"Njaa gani hiyo inayoshika tawi moja na kuacha mengine?"

Patrisi aligeuza jani, akakwaruza gamba kwa ukucha, akarudia neno la samadi kwa kuwa hakuwa na jingine.

Samadi ikatiwa. Mti ukachipua kwa nguvu, majani laini kila ncha, na kwa mwezi mmoja Patrisi alijiona ameshinda. Lakini yale majani machanga yalikuja na vipele, vitu vilivyotuna upande wa juu kama ngozi ya mtu aliyetambaliwa na washawasha. Mwaka uliofuata njano ilikuwa imeshika nusu ya mti. Machungwa yalitoka madogo, yamepinda, upande mmoja yameiva na upande wa pili yamebaki ya kijani. Ukilikata moja, mbegu zake ni nyeusi na zimesinyaa, na maji yake machungu kama kwinini.

Baada ya hapo njano ilishuka mstari kwa mstari. Wapo waliosema udongo wa vijiji vipya umechoka. Wapo waliofukia misumari yenye kutu kwenye mizizi, wapo waliomwaga majivu, na mzee mmoja alizungushia mti wake damu ya mbuzi. Wengine wakanong'ona kwamba mkono wa Patrisi umeingiliwa na kitu. Patrisi alizisikia habari hizo, akazidi kubeba samadi. Mwaka 1981 alipoamka akakuta tawi la njano kwenye mchenza wa nyuma ya jiko, aliketi juu ya kinu cha Germana hadi uji ukapoa.

Mwaka uliofuata kata ilipata bwana shamba mpya. Aliitwa Martini, amehamishwa kutoka Wasso, ambako alisema watu walimuuliza habari za ng'ombe tu na hakuna aliyemuuliza habari za mti. Alikuwa na baiskeli, koti la mvua, na kioo cha mkononi cha kukuzia vitu. Alisikia habari za michungwa, akaja kwa Patrisi bila kuitwa.

Hakutazama udongo. Alivuta chipukizi la mchenza, akaligeuza, akaliweka chini ya kioo.

"Mzee, tazama. Taratibu."

Patrisi akainama. Chini ya kila kipele kulikuwa na kishimo, na ndani ya kishimo amejilaza kidudu bapa, cha rangi ya majani yenyewe, kimeng'ang'ania. Pembeni mwa jani palikuwa na mayai ya njano yamepangana kama ushanga. Martini akatikisa tawi. Vikaruka vidudu vingine vidogo vyenye mabawa ya kupenyeza mwanga, vikatua tena, kila kimoja kimeinamisha kichwa na kuinua mkia.

"Hawa nimewaona siku zote," Patrisi alisema. "Hawali hata jani."

"Hawali, wananyonya. Mti una mishipa kama wewe, mzee, na ndani ya mishipa ya mti huu mna bakteria, vidudu vya maradhi ambavyo hata kioo hiki hakivioni. Vinaziba njia ya chakula. Mdudu akinyonya hapa anavimeza, akirukia kwa jirani anavitema kwenye majani mapya. Na majani mapya ndiyo anayoyapenda, hatagi mahali pengine."

Patrisi alifikiria samadi yote aliyoibeba, na machipukizi yote laini yaliyofuata.

"Dawa yake?"

"Ya kumpulizia mdudu ipo, ukiipata. Mwaka huu hata sabuni hatuipati. Ya kumponya mti hakuna. Unakatwa." Kisha Martini akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia njia: "Vikonyo vyako unakata wapi, mzee?"

Patrisi alitazama matawi ya mchenza, jinsi yalivyojaa makovu ya kisu chake mwenyewe.

"Kwa sababu mdudu hupita mti hadi mti," Martini aliendelea polepole, "lakini kikonyo cha mti unaoumwa hubeba maradhi moja kwa moja, hata mdudu asipokuwepo, hata njano ikiwa bado haijajitokeza."

Germana alikuwa mlangoni mwa jiko na alisikia yote. Alimkaribisha bwana shamba uji, na bwana shamba akaunywa haraka akapanda baiskeli yake.

Siku nyingi Patrisi hakutoka na mfuko. Kilichomsumbua ni kwamba hakuamini, na pia hakuweza kutoamini. Bakteria wasioonekana hata kwa kioo ni kitu cha kuambiwa tu, na yeye alikuwa mtu wa kuona. Mwishowe akaamua kuona. Alichota udongo kwenye shimo moja, akaujaza kwenye madebe matatu, akaotesha milimau mitatu kwa mbegu za limau moja. Ilipofikia unene wa penseli, debe la kwanza aliliweka wazi chini ya mchenza mgonjwa. La pili na la tatu alitaka kuyafunika kwa kitambaa ambacho mdudu hapiti lakini mwanga unapita, na kitambaa cha namna hiyo hakikuwepo duka lolote hadi Karatu.

Germana akaingia ndani, akarudi na shela yake ya harusi.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Imekaa sandukuni miaka kumi na tisa haijamfunika mtu. Ikunje mara mbili, mashimo yake yawe madogo."

Mlimau wa pili ukafunikwa bila kuguswa. Wa tatu alibebesha kwanza jicho la mchenza mgonjwa, kisha akaufunika nao. Akamwagilia yote kwa kata moja, siku moja, maji ya mtungi mmoja.

Majirani walicheka. Walisema Patrisi anaozesha milimau. Alipita kwenye vicheko vyao masika yote, kipupwe na kiangazi. Mlimau wa wazi ulijaa vipele kabla mvua haijaisha, na mwezi wa kumi ukaanza mabaka ya njano. Jicho alilobebesha kwenye mlimau wa tatu lilichipua likiwa tayari limepauka, ingawa chini ya shela hapakuwa na mdudu hata mmoja. Mlimau wa katikati, uliokula udongo ule ule na kunywa maji yale yale, ulisimama wa kijani tupu, majani laini kama mafuta.

Patrisi aliketi mbele ya madebe yale asubuhi nzima. Halafu akachukua shoka, akaukata mchenza wa nyuma ya jiko. Hakumwita mtu amsaidie. Alipomaliza alichimbua na kisiki, asiache mahali pa kuchipua.

Jumamosi ilikuwa na mkutano wa kijiji. Aliomba nafasi, akabeba madebe matatu hadi mbele, akaeleza kama alivyoelezwa na kama alivyoona: mdudu, vipele, mishipa, majani mapya. Watu walisikiliza. Kisha Lukresia akainuka nyuma kabisa.

"Shemeji, hilo debe la tatu. Mdudu hakuingia, si ndivyo?"

"Hakuingia."

"Sasa aliyeupa ugonjwa ni nani?"

Martini, aliyekaa kando ya mwenyekiti, akaanza kufungua mdomo, lakini Patrisi akamzuia kwa mkono.

"Ni mimi," alisema. "Kwa kisu changu. Sikujua, lakini ni mimi. Miti niliyowabebeshea miaka hii ya mwisho, mingi ilizaliwa inaumwa. Naomba mniruhusu niipitie mmoja mmoja, na wenye njano niukate kwa mikono yangu."

Wengine waliguna, wengine waliondoka. Mtu mmoja alimwambia machoni kwamba angebaki Oldeani wangemshukuru zaidi. Lakini Jumatatu alipoanza kuzunguka na shoka, wengi walimfungulia. Lililomuumiza zaidi si matusi. Mama mmoja alimkaribisha chai kwanza, akamwonyesha mti, kisha akaingia ndani akafunga mlango ili asisikie. Kabla ya Krismasi Patrisi alikuwa amekata miti sitini na mitatu.

Wa Lukresia haukuwemo.

"Uliponipandia ulinifurahisha," alimwambia akiwa amesimama mbele ya shina. "Leo unanikatia. Kesho utakuja na nini? Upande huu bado unazaa. Acha mti wangu."

Patrisi akauacha. Hakuwa na uso wa kumlazimisha mtu.

Mwaka ule ule alipata jibu la kitu kingine alichokuwa akijiuliza: mbona njano ilianzia juu, kwenye nyumba ya mwisho? Aliyempa ni Kasaine, mfugaji wa Kimaasai aliyekuwa akiteremka na ng'ombe zake wakati wa ukame na kubadilishana na Germana maziwa kwa maharage. Siku moja Kasaine aliketi akipumzika, akimtazama Patrisi akichunguza mlimau, akachukua jani lenye vipele na kulinusa.

"Hili si geni," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Olmatasia iko hivi."

Olmatasia kilikuwa kichaka cha ukingoni mwa msitu, chenye majani ya harufu kali, ambacho Kasaine na wenzake hukata miswaki. Wakaenda wawili hadi juu. Patrisi akageuza majani machanga ya kichaka kile, akakuta vishimo vile vile, na ndani yake vidudu vile vile vimejilaza.

"Basi tukate vichaka vyote," Patrisi akasema.

Kasaine akacheka hadi akakohoa. "Ukate msitu? Watu wa hifadhi watakukamata wewe kabla ya mdudu. Na mimi nisugue meno kwa mti gani?"

Ilikuwa kweli. Wadudu walikuwa na kwao tangu kabla ya mchungwa wowote kufika Mbulumbulu, na hapakuwa na shoka la kuwamaliza. Martini alipoelezwa aliandika barua ndefu kwa wakubwa wake. Wakati wa kungoja majibu, yeye na Patrisi walipanga walichoweza. Miche ioteshwe chini ya vitambaa. Michungwa ipandwe mistari ya chini, mbali na msitu. Machipukizi yenye vipele yachumwe na kuchomwa kila mvua zinapoanza. Mti wenye njano, hata tawi moja, usisubiriwe.

Tatizo lilikuwa vikonyo. Juu kule hapakuwa na mti aliouamini. Martini alisema wadudu hawa hawawezi joto na ukavu, na hata maradhi yenyewe hulegea penye jua kali. Kwa hiyo mwaka 1984 Patrisi aliteremka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, ambako watu walilima vitunguu kwa maji ya chemchemi. Alipata huko michungwa na michenza ya zamani iliyoota kwa mbegu, mirefu, yenye miiba. Hakukata kitu mwaka huo. Alitazama tu, jani kwa jani, kwa kioo alichoazimwa na Martini. Akarudi mwaka wa pili akatazama tena. Ndipo akakata vikonyo kumi na viwili, akavifunga kwa maganda mabichi ya mgomba, akapanda lori la vitunguu.

Aliivika miche yake macho mapya mwezi wa tatu mwaka 1985. Lakini mstari wa juu kabisa mti wa Lukresia ulikuwa bado umesimama, na kila uchao wadudu walikuwa na mahali pa kushibia maradhi.

Hakwenda kumsumbua. Lukresia ndiye aliyekuja, siku moja mwaka 1986, na kikapu kidogo. Germana alimtandikia ngozi, yeye akakataa kukaa. Akatoa chungwa dogo lililopinda, nusu ya njano nusu ya kijani, akalimenya mwenyewe, akampa Patrisi.

"Kula."

Patrisi akala. Kipande cha kwanza kilimkunja uso. Akala cha pili, cha tatu, hakutema hata mbegu moja, huku shemeji yake akimtazama hadi kikaisha kipande cha mwisho.

"Mimi nayala hayo mwaka wa tatu sasa," Lukresia alisema. "Nikiulizwa nasema ni matamu. Chukua shoka lako twende."

Walipofika juu alimnyang'anya shoka, akapiga yeye mapigo ya mwanzo, matano au sita, ya mtu mwenye hasira na mwenye nguvu kuliko mwili wake ulivyoonyesha. Kisha akampa Patrisi amalizie, naye akaketi chini kukusanya matawi ya kuchoma.

Michungwa haikurudi Mbulumbulu kama ilivyokuwa. Nyumba za juu ziligeukia parachichi, na Lukresia mwenyewe alipanda miche miwili, akasema mti usiopendwa na kidudu kile unamtosha. Mistari ya chini ilipata miche ya Mang'ola, michache, na si yote iliyopona. Miwili ya kwa Patrisi ilishika njano akaing'oa kabla haijazaa. Barua ya Martini haikujibiwa kamwe. Martini mwenyewe alihamishwa tena, akamwachia Patrisi kile kioo.

Mwezi wa saba mwaka 1988 Germana alichuma machenza ya kwanza ya mti mpya. Yalikuwa kumi na moja. Patrisi hakuonja papo hapo. Alilikata moja kwa kisu, akatenganisha mbegu kwa ncha, akazitazama juani moja moja, nyeupe, zimejaa. Mwanaume wa mstari wa pili aliyekuwa akipita akasimama uani akamwomba kikonyo.

"Cha mti huu sikupi," Patrisi alimwambia. "Keti kwanza ule. Mwezi ujao nateremka Mang'ola, nitakuletea cha huko."